Kugonga Mihuri ya Mpira kwa Sanaa ya Kadi: Mwongozo Kamili wa Kupata Chapa Safi

Wengi wanaoanza kugonga mihuri kwenye kadi, bahasha na karatasi za kufungia zawadi hukwama mahali pamoja. Chapa inatoka na mabaka meupe katikati, au mistari inavimba na kuungana, au pembeni kunabaki alama ya wino isiyotakiwa. Anayegonga anaongeza nguvu, na chapa inazidi kuharibika.

Mara nyingi chapa imeshaharibika kabla muhuri haujagusa karatasi. Wino hauelewani na karatasi hiyo, muhuri mpya haujaandaliwa, au meza ni ngumu mno. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye wino na maandalizi kabla ya kufika kwenye kugonga kwenyewe.

## Vifaa vya kuanzia

Usinunue seti kubwa. Vitu hivi vinatosha kwa miezi ya mwanzo:

- Mihuri miwili yenye upana wa sentimita 3 hadi 6: mmoja wa mistari myembamba, mwingine wenye eneo pana la kushika wino
- Pedi moja ya wino mweusi, na nyingine ya rangi uipendayo
- Manila nyeupe iliyo laini, ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba
- Karatasi za kawaida za kujaribia
- Sponji bapa yenye unene wa milimita 2 au 3, au daftari kuukuu la kuweka chini ya kazi
- Kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo
- Raba nyeupe ya kufutia penseli
- Rula, penseli na mkasi

Kifaa cha kupuliza hewa ya moto, unga wa kuyeyusha (unaoyeyuka kwa joto na kunyanyua mistari ya chapa) na visu vya kuchongea viache kwanza. Utavihitaji hatua ya 7 na ya 8.

### Muhuri upi?

Muhuri wa mpira uliobandikwa kwenye kipande cha mti hudumu sana, huvumilia karibu kila wino na hutoa mistari myembamba vizuri. Kasoro yake ni kwamba huoni unapougonga.

Muhuri wa plastiki angavu hubandikwa kwa muda kwenye kibao angavu, kwa hiyo unaona hasa chapa itakapokaa. Huu huchukia jua, kwani hugeuka manjano na kukakamaa, na baadhi ya wino huutia doa la kudumu. Doa hilo haliharibu chapa, usihangaike kulisugua.

Anayeanza atajifunza haraka zaidi kwa muhuri wa mpira wenye mti. Mti unajaza mkono na kusambaza nguvu sawasawa.

### Wino upi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo soma taratibu.

Wino mwepesi wa kuzama hunyonywa na nyuzi za karatasi na kukauka ndani ya muda mfupi. Ni mzuri kwa mazoezi, kwa mistari myembamba na kwa manila isiyong'aa. Aina nyingi hutiririka zikiguswa na maji, na rangi hupauka ikikaa kwenye mwanga mkali. Kwenye karatasi nyembamba inayonyonya sana, wino huu hutambaa, na ndiyo sababu ya kawaida ya mistari kuota "manyoya".

Wino mzito wa pigmenti, yaani wenye chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, hukaa juu ya karatasi. Rangi yake imeshiba, huonekana hata kwenye karatasi ya rangi ya kukoza, na huvumilia mwanga vizuri zaidi. Hukauka polepole. Kwenye karatasi inayong'aa unaweza usikauke kabisa mpaka upashwe joto, kwa sababu hakuna nyuzi za kuunyonya. Uchelewaji huo una faida yake, kwani huupa unga wa kuyeyusha muda wa kunata.

Wino wa kiyeyushi, yaani uliochanganywa na kimiminika kinachoruka haraka badala ya maji, ni wa vitu visivyonyonya, kama kioo, plastiki, chuma na vigae. Hukauka haraka na hauondoki kwa maji. Fungua madirisha unapoutumia, na safisha muhuri kwa kisafishio chake maalumu. Usiutumie kwenye muhuri wa plastiki angavu bila kusoma maelezo ya mtengenezaji.

Na pedi ya ofisini? Inafaa mazoezi. Imetengenezwa kwa ajili ya nyaraka, wala si kwa sanaa, na wino wake hutambaa kwa urahisi. Kadi utakayompa mtu aitunze, igonge kwa wino ulioutafuta kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 1: Andaa muhuri mpya

Muhuri mpya hutoka kiwandani ukiwa na utando mwembamba wa utelezi. Wino ukiwekwa juu yake hujikusanya matone badala ya kutandaa, na chapa hutoka na vitone vyeupe. Wengi hulaumu pedi.

1. Osha uso wa muhuri kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha ufute ukauke. Muhuri wenye mti usiuloweke. Gundi huachia na mti huvimba.
2. Sugua uso kwa raba nyeupe, kwa mizunguko midogo, sekunde 20 hadi 30. Sehemu pana zilizo tupu ndizo zinazohitaji zaidi.
3. Futa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu, hasa kwenye mifereji.
4. Weka wino, gonga mara tatu au nne kwenye karatasi ya kujaribia, safisha.

Tahadhari: msasa hukata mistari myembamba. Raba inatosha.

Dalili ya mafanikio: wino ukiwa juu ya muhuri unaonekana kama utando mmoja unaong'aa, bila matone.

## Hatua ya 2: Andaa mahali pa kugongea

Meza ngumu haina msamaha. Muhuri wowote una tofauti ndogo za kimo, na karatasi ikilala juu ya ubao mtupu, sehemu za chini za muhuri haziifikii. Weka sponji bapa au daftari chini ya karatasi. Karatasi itajipinda kidogo kufuata uso wa muhuri.

Usizidishe ulaini. Taulo au sponji nene hufanya karatasi izame mpaka iguse kingo za muhuri, na hapo unapata zile alama za pembeni. Kama muhuri wako wa mpira tayari una sponji kati ya mpira na mti, karatasi tatu au nne chini zinatosha. Muhuri wa plastiki angavu hauna sponji yake, kwa hiyo huo ndio unaohitaji ile ya milimita 2 au 3.

Kama unaweza, simama. Ukikaa, mkono unasukuma kwa mshazari na muhuri unateleza.

## Hatua ya 3: Weka wino

Geuza muhuri, uso uangalie juu, uushike kwa mkono mmoja. Chukua pedi kwa mkono wa pili na uidonoe juu ya muhuri kwa wepesi, mara nyingi, ukihama kidogo kila mara. Pedi haiburutwi wala haikandamizwi.

Sababu ya kuleta pedi kwenye muhuri ni mbili. Unaona wino umefika wapi, na pedi ndogo inaweza kufunika muhuri mkubwa kuliko yenyewe. Ukifanya kinyume, yaani kuuzamisha muhuri kwenye pedi, wino hupanda kingo na kujaa kwenye mifereji.

Pedi mpya huwa na wino mwingi, kwa hiyo madonoo manne au matano yanaweza kutosha. Pedi iliyozeeka huhitaji kumi na zaidi.

Inamisha muhuri kwenye mwanga. Penye ukavu pasipong'aa pameachwa, rudia hapo. Penye wino uliosimama kama dimbwi pamezidi. Gusa kwa kipande cha karatasi. Kabla ya kugonga, futa kingo za mpira kwa ncha ya kitambaa. Sekunde tatu tu, na alama nyingi za pembeni hazitatokea.

## Hatua ya 4: Gonga

1. Shika muhuri kwa vidole vya mikono yote miwili, usawa na karatasi, sentimita 2 hivi juu yake.
2. Teremsha wima. Ukishagusa usirekebishe. Hata nusu milimita ya kusogea hutoa mstari wa pili.
3. Kandamiza kwa viganja. Muhuri mdogo unataka nguvu ndogo. Muhuri mpana zaidi ya sentimita 8 unataka uegemee kwa uzito wa mwili, kisha upite kwa vidole katikati na kila pembe bila kuuinua.
4. Subiri sekunde mbili au tatu. Wino wa pigmenti upe tano.
5. Bana karatasi kwa vidole vya mkono mmoja, inua muhuri wima kwa mkono wa pili.

Kosa kubwa ni kuyumbisha muhuri huku na huku ili "wino ufike". Kuyumba hakupeleki wino katikati. Kunateremsha kingo tu. Muhuri mdogo nao ukikandamizwa sana mpira hupanuka, mistari inanenepa na nafasi ndogo ndani ya mchoro zinaziba.

Kazi ya kadi usiigonge moja kwa moja kwenye kadi iliyokunjwa. Gonga kwenye kipande cha manila, kikate, kisha ukibandike. Chapa ikiharibika umepoteza kipande kimoja tu.

## Hatua ya 5: Isome chapa

Gonga chapa sita mfululizo kwenye karatasi ya kujaribia na uandike kando ya kila moja ulichobadilisha. Kisha linganisha na haya:

Baka jeupe katikati, kingo ziko sawa. Meza ni ngumu, au muhuri mpana haujaegemewa katikati. Ongeza sponji, pitisha vidole katikati.

Vitone vyeupe vilivyotawanyika. Rudi hatua ya 1. Kama muhuri ni wa siku nyingi, una mafuta ya mikono, uoshe. Manila yenye mikunjo au nakshi nayo hutoa vitone hivi, na hakuna nguvu itakayoviondoa.

Mistari imevimba na kuungana. Wino mwingi. Bila kuongeza wino, gonga mara moja kwenye karatasi chakavu, kisha kwenye manila.

Mistari ina manyoya. Karatasi inanyonya mno. Badili karatasi au utumie wino wa pigmenti.

Mstari wa pili kama kivuli. Muhuri uliteleza, au karatasi ilinyanyuka pamoja nao.

Upande mmoja hafifu. Muhuri haukutua usawa. Angalia pia kama mpira umebanduka kwenye kona ya mti.

Chapa nzima hafifu. Pedi imekauka. Ina chupa yake ya kujazia. Weka matone machache, sambaza kwa kadi chakavu, acha usiku kucha. Usiongeze maji: hufifisha rangi na huweza kuleta ukungu.

Ukipata chapa nne kati ya sita zenye mistari safi iliyo wazi na wino ulioenea, umeshavuka sehemu ngumu. Endelea.

## Hatua ya 6: Safisha mara moja

Futa muhuri kabla ya kila rangi mpya na mara umalizapo kazi. Gonga kwenye karatasi chakavu mpaka wino uishe, pitisha kitambaa chenye unyevu, kausha. Vitambaa vya kufutia watoto vinafaa pia ikiwa havina spiriti. Spiriti hukausha mpira.

Ukitumia rangi mbili kwenye muhuri mmoja, anza na ile hafifu. Manjano ikiguswa na buluu, pedi ya manjano haitarudi ilivyokuwa.

Wino wa pigmenti uliokaukia kwenye mifereji ondoa kwa mswaki laini na sabuni. Kisu hakihusiki hapa.

## Kupaka rangi ndani ya chapa

Kuna kanuni moja, na ukiikosea chapa nzima inachafuka: wino wa mistari na rangi ya kujazia visiyeyuke katika kitu kimoja.

Rangi za maji zinahitaji wino usioyeyuka majini. Kalamu zenye spiriti zinahitaji wino wa msingi wa maji uliokauka vizuri, kwa sababu spiriti huyeyusha wino wa kiyeyushi na kuuburuta. Penseli za rangi hazina ugomvi na wino wowote uliokauka.

Jaribu kwenye kipande: gonga, subiri dakika 10, pitisha rangi mara mbili juu ya mstari. Mstari ukibaki mweusi na rangi ikibaki safi, jozi hiyo inafaa. Iandike kwenye daftari.

## Hatua ya 7: Kunyanyua chapa kwa joto

Unga maalumu huyeyuka juu ya wino na kuacha mistari iliyonyanyuka inayong'aa. Ni kazi rahisi yenye mitego michache.

1. Pitisha kifuko cha kitambaa chenye wanga au poda juu ya manila. Hupunguza unyevu na umeme tuli unaonasa chembe mahali pasipotakiwa.
2. Gonga kwa wino wa pigmenti, au kwa wino mzito usio na rangi uliotengenezwa kwa kazi hii. Wino wa kuzama hukauka kabla unga haujanata.
3. Mwaga unga mwingi mara moja, inamisha kadi, kung'utia unga uliobaki kwenye karatasi iliyokunjwa na uurudishe kwenye kopo lake.
4. Gonga mgongo wa kadi kwa kidole. Chembe zilizobaki ondoa kwa brashi kavu ndogo.
5. Washa kifaa cha hewa moto mbali na kadi kwa sekunde 10 hadi 15, kisha kilete umbali wa sentimita 5 hivi. Anza pembe moja. Unga ukibadilika kutoka mchanga kuwa wa kung'aa, hamia mbele.

Mashine ya kukaushia nywele haifai. Ina upepo mwingi na joto dogo, hivyo unga unapeperuka kabla ya kuyeyuka.

Joto likizidi, unga unazama kwenye karatasi, mng'ao unapotea na kadi inajikunja. Shika kadi kwa koleo au kibanio cha mti, kwani mdomo wa kifaa huunguza. Watoto wasiachwe nacho.

## Hatua ya 8: Chonga muhuri wako

Raba nyeupe ya kufutia penseli ni mahali bora pa kujifunzia. Tumia patasi ndogo yenye mdomo wa umbo la V, na kisu chenye ncha kwa kingo.

Chagua mchoro wa mistari minene: jani, nyota, samaki. Uchore kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, lalisha upande wa penseli juu ya raba, sugua mgongo wa karatasi kwa ukucha. Mchoro utahamia raba ukiwa umegeuka kushoto-kulia, na hivyo ndivyo unavyotakiwa, kwani ukigongwa utarudi sawa. Maandishi yaliyochorwa moja kwa moja kwenye raba hutoka kinyume. Yahamishe kwa njia hii siku zote.

1. Pitisha patasi nje kidogo ya mstari, kina cha milimita 1 tu. Mdomo wa V ukizama wote, raba inapasuka.
2. Penye mzingo zungusha raba, mkono wenye patasi utulie. Mkato hutoka laini bila kona.
3. Mteremko wa mkato uelekee nje, mbali na mstari. Mstari uliochimbwa chini yake hukosa msingi, hulegea na kukatika.
4. Ondoa eneo la nje hadi milimita 1.5 au 2.
5. Kwa kisu, kata kabisa pembe za raba zisizo na mchoro.
6. Weka wino hafifu, gonga, angalia. Vijistari vya ziada ni vilele ulivyoacha. Vipunguze kimoja kimoja, ukigonga tena kila mara.

Tahadhari: kidole cha mkono unaoshika raba kiwe nyuma ya mdomo wa patasi wakati wote. Patasi butu ni hatari kuliko kali, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu na inateleza.

Ulichoondoa hakirudi, kwa hiyo chonga pungufu. Muhuri mzuri wa kwanza una mistari yenye upana wa milimita 1.5 au zaidi isiyokatika, na eneo la nje halina alama.

## Kuhifadhi

Pedi nyingi za kitambaa hulazwa kifudifudi, ili wino ushuke kwenye uso. Zile za sponji laini zilaze kawaida. Mihuri iwe mbali na jua na joto.

Mihuri ya raba uliyochonga ifunge kwa karatasi, kila mmoja peke yake. Kilainishi kilicho ndani ya raba za aina hii huhamia kwenye plastiki, na ukiiacha ndani ya kopo la plastiki utaikuta imenata na kuacha alama kwenye kopo. Mihuri ya plastiki angavu ibandike kwenye karatasi yake ya awali. Ikianza kupoteza unato, ioshe kwa sabuni na kuiacha ikauke kwa hewa.